Sura ya Nne: Ofisa wa Akiba

Desemba 1943, mwalimu wa hisabati aliyetimiza miaka 37 mwezi huo huo aliapishwa kuingia katika Jeshi la Akiba la Wanamaji la Marekani. Kabla ya hapo alishakataliwa. Umri wake ulionekana mkubwa na mwili wake mdogo: alikuwa na kilo zipatazo 48, na kiwango cha jeshi kilikuwa karibu kilo 54. Tena serikali iliwahesabu walimu wa hisabati wa vyuo vikuu kuwa watu wanaohitajika zaidi darasani kuliko vitani. Grace Hopper hakukata tamaa. Aliomba msamaha wa uzito, akaupata. Aliomba likizo katika chuo alichofundisha, Vassar College katika jimbo la New York, nayo akaipata.

Wanaosimulia maisha ya mama huyu hupenda kuanza na kompyuta. Mimi nataka tuanze na ile likizo. Hopper hakuacha ualimu ili awe mwanajeshi. Aliuweka kando kwa ruhusa, na mlango ukabaki wazi nyuma yake. Ataonyesha tabia hiyo tena na tena kwa zaidi ya miaka 40. Kila alipoingia mahali papya alipaaga pa zamani kwa heshima, na mara nyingi hakupaacha kabisa. Alikuwa msomi, akawa mtumishi wa kampuni, na muda wote huo, isipokuwa miezi michache, alibaki ofisa wa wanamaji. Alianza na cheo cha luteni wa ngazi ya chini, akamaliza akiwa admirali.

Wahenga wametuambia kuwa njia mbili zilimshinda fisi. Hopper alipita tatu, na sababu ya kutopasuka ni kwamba njia zake zote zilielekea mahali pamoja. Darasani, kiwandani na jeshini alikuwa akifanya kazi ile ile: kumfanya binadamu na mashine ya kukokotoa waelewane. Alichojifunza kwenye njia moja alikitumia kwenye nyingine wiki hiyo hiyo. Wengi wanaoshindwa kuchanganya kazi, masomo na utumishi hudhani tatizo ni saa 24 za siku. Naamini tatizo kubwa zaidi ni kuchagua mambo matatu yasiyojuana.

Mazoea ya kubeba mambo mawili kwa pamoja aliyaanza mapema. Alimaliza shahada ya kwanza Vassar mwaka 1928, akachukua ya uzamili Yale mwaka 1930. Mwaka uliofuata alirudi Vassar kufundisha, huku akiendelea na masomo ya uzamivu Yale, aliyoyahitimu mwaka 1934. Hata baada ya kuitwa daktari wa hisabati hakuacha kuwa mwanafunzi. Alikaa kwenye madarasa ya wenzake wa idara nyingine, na mwaka wa masomo wa 1941 hadi 1942 alipata nafasi ya kusoma Chuo Kikuu cha New York chini ya Richard Courant, mmoja wa wanahisabati wakubwa wa zama hizo, aliyekuwa ameikimbia Ujerumani ya Hitler. Hisabati aliyofundisha Courant ilikuwa ya kutafuta majibu ya matatizo halisi kwa hatua za ukokotoaji. Hopper hakujua kuwa miaka miwili baadaye jeshi lingemhitaji kwa hesabu za aina hiyo hasa.

Baada ya kuapishwa alipelekwa kwenye shule ya maofisa wa akiba iliyokuwa Smith College, Massachusetts, akamaliza wa kwanza katika kundi lake. Julai 1944 aliripoti Harvard. Huko alikuta mashine iliyoitwa Mark I, yenye urefu wa mita zaidi ya 15 na uzito wa tani tano hivi, na mkuu wake Howard Aiken, profesa wa Harvard ambaye naye alikuwa ofisa wa akiba wa wanamaji. Hilo si jambo dogo. Maabara iliyokuwa ikikokotoa majedwali ya mizinga na hesabu za kutegua mabomu ya baharini iliongozwa na watu ambao miaka michache nyuma walikuwa wakisahihisha mitihani ya wanafunzi. Jeshi la kudumu lisingeweza kuwalea watu hao wakati wa amani kwa kusubiri vita. Liliwachukua wakiwa wameshaiva mikononi mwa vyuo na viwanda. Hiyo ndiyo faida ya akiba ambayo makamanda wengi huisahau: raia huja na ujuzi ambao kambi haiwezi kuuzalisha.

Aiken alimwamuru aandike kitabu cha kueleza namna ya kuitumia mashine. Hopper alisema hajawahi kuandika kitabu. Jibu la mkuu wake lilikuwa kwamba sasa yuko jeshini. Kitabu kilichapishwa mwaka 1946, kikiwa na kurasa zaidi ya 500. Nionavyo, hapo ndipo elimu yake ya ualimu ilipolipa. Watu kadhaa waliijua ile mashine. Wachache waliweza kumweleza mwingine.

Vita vilipokwisha aliomba kuhamia jeshi la kudumu. Akakataliwa, safari hii kwa sababu ya umri peke yake. Vassar nao walimwita arudi, tena kwa uprofesa kamili, cheo ambacho wanawake wengi wa kizazi chake walikiota tu. Akashukuru, akakataa. Alibaki Harvard kama mtafiti kwa mkataba uliolipwa na wanamaji, na cheo chake cha akiba akaendelea kukishika. Kwa hesabu ya haraka alikuwa amepoteza: hana ajira ya kudumu jeshini, hana kiti cha uprofesa, na Harvard haikuwa na nafasi ya kudumu ya kumpa. Mkataba ukaisha mwaka 1949.

Miaka hiyo ilikuwa na giza, na sitaki kulipita kimya. Ndoa yake na Vincent Hopper, mwalimu wa fasihi, ilivunjika rasmi mwaka 1945. Hawakupata mtoto. Wanahistoria walioandika maisha yake wameeleza pia kuwa kuelekea mwisho wa muongo ule aliandamwa na pombe, kiasi cha marafiki kuingilia kati. Nayasema haya kwa sababu vitabu vya kuhamasisha vijana hupenda kumchora mtu aliyefanya kazi tatu akitabasamu. Mtu anayefanya kazi usiku na mchana kwa miaka mitano bila kujua atalipwa na nani mwaka ujao huumia. Hopper aliumia. Alinyanyuka kwa msaada wa watu, na kwa kupata mahali pengine pa kufanyia kazi aliyoipenda.

Mahali hapo palikuwa Philadelphia, kwenye kampuni changa ya Eckert na Mauchly iliyokuwa ikitengeneza kompyuta ya UNIVAC. Mwaka 1950 kampuni ilinunuliwa na Remington Rand. Mwaka 1952 Hopper na wenzake waliikamilisha A-0, programu iliyokusanya vipande vya maagizo vilivyokwisha kuandikwa na kuviunganisha, ili mwanaprogramu asianze kila kitu upya. Baadaye ikaja FLOW-MATIC, lugha ya kuiagiza kompyuta kwa maneno ya Kiingereza cha kawaida cha biashara. Wakubwa wake hawakuamini mapema kuwa kompyuta ingeweza kuelewa maneno. Aliendelea kuwaonyesha hadi wakakubali.

Mchana alikuwa mtumishi wa kampuni. Kwenye orodha ya wanamaji alikuwa luteni kamanda, na baadaye kamanda. Kuanzia mwaka 1959 alikuwa pia mhadhiri mgeni katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, kilichokuwa katika mji ule ule alikokuwa akifanya kazi. Ni katika mwaka huo huo faida ya kuvaa kofia zaidi ya moja ilipoonekana wazi. Kila kampuni ya kompyuta ilikuwa na lugha yake, na aliyenunua mashine ya kampuni moja hakuweza kuhamisha kazi zake kwenye mashine ya nyingine. Mnunuzi aliyeumizwa zaidi alikuwa Wizara ya Ulinzi ya Marekani, iliyokuwa na mashine za kila aina. Hopper aliwajua watu wa viwanda kwa kuwa alikuwa mmoja wao, na aliwajua watu wa wizara kwa kuwa alivaa sare yao. Alikuwa miongoni mwa waliosukuma wizara iitishe mkutano wa pamoja, nao ukafanyika Pentagon Mei 1959. Mkutano huo ulizaa COBOL, lugha iliyochota mengi kutoka FLOW-MATIC, na ambayo kwa miongo mingi imebeba hesabu za mabenki, mishahara na bima duniani. Mfanyakazi wa kampuni peke yake angeshukiwa kuwa anauza bidhaa, na ofisa wa jeshi peke yake angeonekana hajui kiwanda. Yeye alisikilizwa pande zote.

Inafaa nieleze namna akiba inavyofanya kazi siku hizi, maana vijana wengi wa Afrika Mashariki walioko Marekani huniuliza, na wenye kibali cha ukaazi wa kudumu wanaweza kujiunga kama askari wa kawaida, ingawa uofisa ni wa raia. Jeshi la Akiba la Wanamaji lilianzishwa Machi 1915. Ratiba yake ya kawaida ni wikiendi moja kwa mwezi na wiki mbili kwa mwaka. Wikiendi moja huhesabiwa vipindi vinne, na kila kipindi ni pointi moja, kwa hiyo mwaka mzima ni vipindi 48. Uanachama wenyewe huleta pointi 15 kwa mwaka, na kila siku ya utumishi wa muda wote ni pointi moja. Mwaka hauingii kwenye hesabu ya pensheni usipofikisha pointi 50, na inatakiwa miaka 20 ya namna hiyo.

Anayetimiza ratiba ya kawaida hukusanya pointi kama 75 kwa mwaka, yaani 1,500 kwa miaka 20. Kwa kanuni ya walioingia kabla ya 2018, pointi hugawanywa kwa 360, na kila mwaka unaopatikana una thamani ya asilimia 2.5 ya mshahara wa msingi. Pointi 1,500 ni miaka minne na ushee, yaani asilimia kama 10 ya mshahara, na kwa kawaida malipo huanza mtu akifika miaka 60. Haiwezi kumlisha mtu peke yake. Ndiyo maana naona ni kosa kuiita akiba ajira. Ni utumishi unaojengwa juu ya ajira nyingine, na asiye na ajira nyingine ya kueleweka hataudumu miaka 20.

Kinachoufanya uwezekane ni sheria. Sheria ya mwaka 1994 inamkataza mwajiri kumfukuza au kumnyima cheo mtu kwa sababu ya utumishi wa akiba, na haijali ukubwa wa kampuni. Aliyeitwa kazini jeshini, mradi ametoa taarifa na jumla ya vipindi vyake haijazidi miaka mitano kwa mwajiri mmoja (sheria ina misamaha mingi), ana haki ya kurudishwa. Tena harudishwi pale alipoachia. Hurudishwa kwenye nafasi ambayo angekuwa ameifikia kama asingeondoka, pamoja na nyongeza za mshahara zilizowapata wenzake. Naye ana wajibu: akitumikia siku 30 au pungufu, anaripoti zamu ya kwanza ya kazi baada ya kufika nyumbani na kupumzika, akizidi siku 180, ana siku 90 za kuomba kurudi. Wanafunzi walichelewa kupata ulinzi kama huo. Mwaka 2008 ndipo sheria ya elimu ya juu ilipovitaka vyuo vinavyopokea fedha za serikali kuu kumpokea tena mwanafunzi aliyekatiza masomo kwa wito wa jeshi. Kwa upande wa ada, tangu 1985 kuna mpango maalumu kwa wana-akiba wanaojifunga kwa miaka sita.

Hata pwani yetu iliwahi kuwa na mabaharia wa aina hii. Uingereza ilianza mwaka 1859 na akiba ya mabaharia wa meli za biashara, kisha mwaka 1903 ikaongeza kikosi cha hiari cha watu wa nchi kavu: makarani, mawakili, wahasibu, waliojifunza bahari jioni na siku za mapumziko. Mfano huo uliletwa katika makoloni. Mombasa ilipata kikosi chake cha hiari mwaka 1933, Zanzibar mwaka 1938 na Tanganyika mwaka 1939, na vita vilipoanza ndivyo vilivyolinda bandari na kusaka mabomu baharini. Vikosi hivyo vilikuja kuunganishwa, vikapewa jina la Jeshi la Kifalme la Wanamaji la Afrika Mashariki, nalo likavunjwa mwaka 1962. Kenya ilianzisha jeshi lake la wanamaji Desemba 1964 kwa mtindo wa ajira ya kudumu, na wazo la karani wa bandari ambaye pia ni ofisa wa bahari halikurudi kwa nguvu. Naona tulipoteza kitu. Tuna manahodha wa vivuko, wahandisi wa bandari, wavuvi wanaoujua kila mwamba kati ya Lamu na Mtwara, na ujuzi wao hutafutwa tu siku chombo kinapozama.

Turudi kwa Hopper. Mwaka 1966 wanamaji walimwandikia kumkumbusha kuwa ametumikia zaidi ya miaka 20 na amefika miaka 60. Alistaafu siku ya mwisho ya mwaka akiwa kamanda, na baadaye aliitaja kuwa siku ya huzuni kuliko zote maishani mwake. Huzuni hiyo ilidumu miezi saba. Wanamaji walikuwa wamekwama: COBOL waliyoitumia ilikuwa ya namna nyingi zisizopatana, kila kituo na yake. Agosti 1967 wakamwita arudi kwa miezi sita.

Hapa tena aliomba likizo. Kampuni, ambayo wakati huo iliitwa Sperry Rand, ilimpa ruhusa ya kijeshi, na jina lake likabaki kwenye orodha ya wafanyakazi hadi alipostaafu rasmi huko mwaka 1971. Ile miezi sita ikawa muda usio na kikomo. Kikundi chake kilitengeneza majaribio ya kupima kama COBOL ya kampuni fulani inafuata kanuni za kitaifa, na isiyopita majaribio haikununuliwa. Kwa sababu jeshi lilikuwa mnunuzi mkubwa, viwanda vikatii. Jioni, kuanzia 1971 hadi 1978, alihadhiri Chuo Kikuu cha George Washington mjini Washington. Mwaka 1973 akawa kapteni, akiwa na miaka 66. Mwaka 1983 rais alimpandisha kwa uteuzi maalumu kuwa komodoo, cheo ambacho mwaka 1985 kilibadilishwa jina na kuwa ngazi ya kwanza ya maadmirali.

Watu wengi walimfahamu katika miaka hii kupitia mihadhara. Alikuwa akigawa vipande vya waya vyenye urefu wa sentimita 30 hivi, umbali ambao mwanga husafiri kwa sehemu moja ya bilioni ya sekunde, ili hata majenerali waelewe kwa nini ujumbe kupitia setilaiti huchelewa. Aliulizwa mara nyingi ni kazi gani anayojivunia zaidi, naye alitaja vijana aliowafundisha. Namwamini, kwa sababu ualimu ndio uzi ambao hakuuacha popote: alifundisha Vassar, akafundisha mabaharia Harvard, akafundisha wanaprogramu Philadelphia, akafundisha maofisa Washington. Anayetaka kujua namna ya kuunganisha maisha ya sehemu tatu aanze kujiuliza ni kitu gani anachokifanya sehemu zote tatu.

Tarehe 14 Agosti 1986 aliagwa mjini Boston juu ya sitaha ya USS Constitution, meli iliyoshushwa majini mwaka 1797. Alikuwa na miaka 79, ofisa mzee kuliko wote waliokuwa kazini katika majeshi ya Marekani. Muda mfupi baadaye aliajiriwa na Digital Equipment Corporation kama mshauri, na hapo alikuwa bado mfanyakazi alipofariki tarehe 1 Januari 1992, akiwa na miaka 85. Jeshi lilimzika Arlington.

Kwako msomaji uliye kazini na unayesoma jioni, au unayetumikia kikosi chochote cha akiba: omba ruhusa kwa maandishi, toa taarifa mapema, tunza nakala ya kila barua na kila hesabu ya siku zako, na usijiuzulu mahali ambapo ungeweza kuomba likizo. Na wewe unayeketi upande wa pili wa meza, mwajiri au mkuu wa chuo, ukipokea barua ya mtu anayekwenda kutumika au kusoma, mwekee nafasi yake. Vassar waliweka, na kampuni ya Philadelphia ikaweka.